Boti ya aluminiamu: kufunga vitu pale mkono usipofika nyuma

Boti bado iko juu ya magogo pale Sahare, Tanga. Kusi limeshika, wenye ngalawa wanatoka alfajiri na kurudi kabla upepo haujakaza, nami sina haraka ya kuishusha majini. Rangi ya ndani imekauka. Sasa ni zamu ya vitu vya kufunga: vishikizi vya fimbo za mshipi ubavuni, nguzo za turubai, chuma cha pembe mbili cha kufungia amari, yaani kamba ya nanga, omoni (mbele), na kisomeo cha kina cha maji kule tezini (nyuma).

Tatizo ni kwamba boti hii ina ngozi mbili. Kati ya bati la nje na la ndani kumejazwa povu gumu la kuielesha, na sitaha ya omo imechomelewa kuzunguka pande zote. Kwenye mashua ya mbao lisingekuwa swali: unatoboa, unapiga msumari, unaupinda kwa ndani, unakalafati, kazi imekwisha. Hapa hakuna "kwa ndani". Bolti utaipitisha, lakini nati nani ataishika?

Kabla sijagusa drili nilijiuliza kuhusu kila kitu: kinavutwa upande gani, na kwa nguvu kiasi gani? Jibu la hapo ndilo linalochagua kifungio, wala si kile kilichojaa kwenye rafu za dukani.

Vishikizi vya fimbo

Hapa riveti zinatosha, ila si zozote. Riveti wanazopiga mafundi wa madirisha pale Ngamiani zina mwili wa aluminiamu na kijiti cha chuma katikati. Mashine inakivuta kijiti, kichwa chake kinautanua mkia wa riveti upande usioonekana, kisha kijiti kinakatika. Kwenye boti zina kasoro mbili: kipande cha kijiti kinabaki ndani na kushika kutu, na katikati panabaki upenyo wa kupitisha maji. Fundi niliyemwendea kuazima mashine alizitazama riveti zangu akauliza mbona ni ghali hivi. Nilipomwambia ni za boti akacheka: "Sawa kaka, dirisha halielei."

Zangu ni za kuzibwa. Mkia wake hauna tundu, kijiti kinakatikia ndani ya ganda lake, na maji hayana njia. Sikuzipata Tanga, niliziagiza Dar zikaja kwa basi. Ni za milimita 4.8, tundu lake milimita 4.9. Kwa urefu, mafundi wanachukua unene wa vitu vyote vinavyoshikana na kuongeza kipenyo mara moja na nusu. Bati la ubavuni ni milimita 2, kitako cha kishikizi milimita 3, ongeza 7.2, unakaribia 12. Lakini soma na boksi, maana za kuzibwa zina vipimo vyake vya unene zinaoweza kushika.

Riveti huvumilia kukatwa ubavu kuliko kung'olewa moja kwa moja. Ndiyo maana nimechagua vishikizi vyenye kitako kipana, samaki akivuta mzigo usambae. Kutoka ukingo wa bati hadi katikati ya tundu naacha angalau vipenyo viwili vya riveti.

Kutoboa aluminiamu kunataka subira. Weka alama kwa ncha ya chuma ili drili isiteleze, anza na tundu la milimita 3, ndipo upanue. Tone la mafuta ya taa linazuia chembe za aluminiamu kung'ang'ania kwenye kekee. Nimeifunga kekee utepe kuonyesha kina ninachotaka, kwa sababu nyuma ya bati kunaweza kupita waya au bomba la mafuta.

Metali mbili kwenye chumvi

Hapa ndipo boti nyingi za aluminiamu zinapofia, na si kwa kugonga mwamba. Stenlesi na aluminiamu zikigusana kwenye maji ya chumvi zinakuwa betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bati kubwa la aluminiamu hula polepole: utaona rangi imevimba kuzunguka kichwa, chini yake unga mweupe. Ukigeuza, yaani riveti ndogo ya aluminiamu ikishika bamba kubwa la stenlesi, riveti inaliwa haraka sana. Kwa hiyo riveti zangu zinashika vitu vya aluminiamu au plastiki tu.

Shaba ndiyo mbaya zaidi. Kipande cha waya wa shaba kilichosahaulika kwenye ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, kinaweza kutoboa sakafu, na ile rangi ya chini yenye shaba wanayopaka wenzangu wa boti za fiber kuzuia viumbe vya baharini, mimi siisogelei. Jirani akiwasha grenda kukata chuma, nafunika boti kwa turubai, maana vumbi lake likitua kwenye bati linaanza kutia kutu.

Kutenganisha metali hakuhitaji vitu vya ajabu. Nimekata vipande vya plastiki kutoka kwenye dumu kuukuu, nikaviweka chini ya kila kitu cha stenlesi. Kila tundu linapata gundi ya poliyurethani ya baharini. Silikoni ile inayonuka siki nimeiacha dukani: ile harufu ni asidi, na asidi hiyo inakula metali.

Nguzo za turubai

Hizi nataka kuzifungua kila nikitaka, kwa hiyo riveti haifai. Nimetumia nati za riveti: mrija mfupi wenye kola na meno ya bolti ndani, unautumbukiza tunduni, ukiukaza unavimba nyuma ya bati na kubana. Kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ilizitengeneza miaka ya 1930 ili kufunga mipira ya kuondoa barafu kwenye mabawa ya ndege. Bawa nalo ni bati jembamba lisilo na nafasi ya mkono nyuma, kwa hiyo shida ni ileile, hata kama barafu na Tanga havijuani.

Za M6, yaani za bolti ya milimita 6, zinataka tundu la milimita 9, na lisizidi. Tundu likiwa pana, siku moja utafungua bolti na nati izunguke nayo, na huwezi kuishika na chochote. Nimechagua zenye mikwaruzo ubavuni na kuzipaka gundi. Mashine yake sinayo: bolti ndefu, nati nene, washa yenye grisi na spana mbili zimefanya kazi.

Chuma cha amari

Hapa nimekataa vifungio vyote vya upande mmoja. Bamvua la hapa, yaani maji makuu, hupanda zaidi ya mita 3, na boti iliyotiwa nanga wakati wa kusi inaruka na kuvuta amari kwa mshtuko, safari nyingine kuelekea juu kabisa. Bati la milimita 2 lenye nati za riveti linaweza kukaa mwaka mzima, kisha usiku mmoja likararuka na boti ikaenda zake.

Kwa hiyo nimeutafuta upande wa nyuma. Nimekata tundu la duara kwenye ukuta unaoelekea omoni, la kuingiza mkono, na kulifunga kwa mfuniko wa plastiki wa kuzungusha. Nimekwangua povu, nikapitisha bamba la aluminiamu la milimita 6 chini ya sitaha, bolti nne, washa pana, nati za kujikaza. Fundi wa kuchomelea alisikitika: "Boti nzima namna hii, unaitia shimo!" Mimi naona shimo lenye mfuniko ni bora kuliko omo iliyoraruka, tena sasa naweza kuchungulia kama povu limenywa maji.

Kisomeo

Chini ya mstari wa maji sitoboi. Nimebandika kibao cha plastiki nene tezini kwa gundi ya epoksi, baada ya kusugua aluminiamu kwa msasa na kuifuta kwa spiriti, na kisomeo kitafungwa kwenye kibao kwa skrubu fupi zisizofika kwenye bati. Imebaki taa ya omoni. Waya zake zote mbili, chanya na hasi, zitarudi kwenye betri. Mwili wa boti hautabeba umeme wowote.