Kopo chini ya mtungi lilivyonirudisha benki

Shemeji yangu ndiye aliyenitia hofu. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo kwa upungufu wa mtaji, na habari ilipofika kijijini kwetu Tandahimba, Mtwara, ilikuwa imeshakuzwa. "Shemeji, katoe hela zako, benki zinakufa." Hakuna aliyeniambia kwamba kuna Bodi ya Bima ya Amana, na kwamba wakati ule mwenye akaunti alilindwa hadi shilingi 1,500,000 (siku hizi ni 7,500,000). Nikikumbuka bado naudhika, maana benki yangu haikuwa hata miongoni mwa zile tano.

Nikatoa zote. Msimu ule korosho zilikuwa zimefika karibu 4,000 kwa kilo, kwa hiyo nilikuwa na milioni mbili na ushee. Nikazifunga kwenye nailoni, nikazitia katika kopo la maziwa, nikalifukia jikoni na kuketisha mtungi wa maji juu yake.

Mwizi hakulijua kopo lile. Mimi nililijua. Machi mtoto wa dada akaumwa, nikasogeza mtungi. Juni nikanunua salfa yangu, dawa ya kupulizia mikorosho, na ya jirani nikamkopesha. Julai ukaja unyago wa mpwa wangu: vitenge, mchele, wapiga ngoma, na kila mtu akinitazama mimi. Mtu amesimama mlangoni na shida yake, hela iko hatua kumi nyuma yako, utamwambia nini? Ingekuwa benki ningesema asubiri Jumatatu, na nusu yao wangepata kwingine. Mpaka Oktoba chini ya mtungi zilibaki laki moja na themanini.

Oktoba hiyohiyo wakulima tukakataa bei za mnada. Novemba ikatangazwa kwamba serikali itanunua kwa 3,300 kwa kilo. Kwangu malipo yaliingia mwaka uliofuata, mvua zimeshapita. Tulikula ming'oko, yaani mizizi ya porini, na mihogo mpaka watoto wakaichukia. Wanunuzi wa kangomba, walanguzi wanaonunua korosho kinyemela kwa bei ya chini, walikuja usiku kutaka kilo chache nilizokuwa sijapeleka ghalani. Nikawafungia mlango, ingawa njaa ilikuwa ndani.

Malipo yalipoingia niliyaacha hukohuko benki. Kadi nikaikataa, ijapokuwa yule binti wa dirishani alinishangaa. Nikitaka hela lazima nipande bodaboda hadi mjini, kama elfu sita kwenda na kurudi, nipange foleni na kitambulisho changu. Safari hiyo imeniokolea hela nyingi kuliko riba yoyote.

Za shida ndogo naziweka kwenye kikundi chetu cha kina mama. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, na anayelilaza sanduku hana hata mmoja. Msichague mwenye funguo ambaye ni ndugu wa mweka sanduku.

Lakini ninachojivunia zaidi ni bati. Kila malipo ya korosho yakiingia nanunua bati kabla ya kitu kingine, nazipanga chumbani nyuma ya kitanda. Hela wanakuja kukopa. Bati sijaona aliyekuja kuliazima. Na fundi akiwa na kazi ya haraka hulinunua siku hiyohiyo, kwa bei ileile au pungufu ya elfu moja mbili.

Mwanangu alipoanza kidato cha kwanza niliuza bati kumi na mbili, sare nikakopa kikundini. Bodaboda sikupanda.