Neno "Bibi" katika Hati ya Maelezo

Mwishoni mwa mwaka 2018 nilikuwa nikijitolea kama mkalimani katika kituo cha sheria za uhamiaji cha chuo kikuu kimoja kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako wanafunzi wa sheria, wakisimamiwa na profesa wao, waliwatetea bila malipo watu ambao serikali haiwapi wakili. Nilikabidhiwa kesi ya mzee mmoja wa Uvira, Kivu ya Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyekuwa akiomba hifadhi.

Muda ulikuwa mfupi. Tangu Januari mwaka huo mamlaka ya uhamiaji ilikuwa imerudia utaratibu wa kuwahoji kwanza waliowasilisha maombi karibuni zaidi, hivyo mzee angeweza kuitwa wakati wowote. Kwa jioni tatu nilitafsiri aliyoyasimulia, na mwanafunzi akayaandika kwa Kiingereza katika hati ya maelezo.

Siku ya nne mwanafunzi alinijia na fomu ya maombi ya hifadhi mkononi, uso umemsawijika. Katika fomu, ambayo mzee aliijaza kwa msaada wa jamaa yake, aliyechukuliwa na wanamgambo alikuwa mke wake. Katika hati yetu alikuwa nyanya yake, yaani mzazi wa mzazi wake.

Kosa lilikuwa langu. Mzee alikuwa amesema "bibi yangu" mara nyingi, nami, niliyelelewa Tanga na bibi mzaa mama, sikuwaza kwamba neno hilo linaweza kumtaja mtu mwingine. Nilipomwuliza alinitazama kwa mshangao.

"Bibi yangu, mama," alisema taratibu. "Mama ya batoto yangu."

Profesa hakunilaumu, lakini hakutuficha uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba hata uwezekano wa moja kwa kumi wa kuteswa unaweza kutosha kuifanya hofu ya mtu iwe na msingi, kama inavyotakiwa kwa mwomba hifadhi. Hata hivyo, sheria iliyopitishwa mwaka 2005 inamruhusu afisa kutomwamini mwombaji kwa sababu ya maelezo yanayopingana, hata kama tofauti hiyo haigusi kiini cha madai yake. Kwa hiyo mtu mkweli kabisa angeweza kuonekana mwongo kwa sababu ya Kiswahili changu, na mpaka leo naona ni ukatili kumwachia mwomba hifadhi jukumu la kujitafutia mkalimani wa mahojiano yake.

Usiku ule tuliisoma hati yote upya, sentensi kwa sentensi. Kila palipotajwa ndugu, shemeji au baba mdogo, nilimwomba mzee anieleze nani alimzaa nani, na profesa akaongeza katika mwongozo wa wakalimani swali la mahali mteja alikojifunzia Kiswahili chake. Mahali pa neno "bibi" tuliandika jina la mke wake. Mzee aliomba kuona lilivyoandikwa, akasahihisha herufi moja, kisha akatia saini.