Boriti zilizooza ndani ya ukuta: tulivyookoa dari ya nyumba ya bibi

Nyumba ya bibi iko Mji Mkongwe, Unguja: kuta za mawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Mwaka jana dari ilianza kudondosha vumbi. Mimi nilidhani ni rangi tu. Mjomba, fundi mwashi mstaafu, akapanda ngazi na bisibisi, akaichoma boriti pale inapoingia ukutani. Bisibisi ikazama kama kwenye muhogo uliochemka.

Chanzo kilikuwa plasta ya saruji tuliyopiga wenyewe, tena kwa kujivunia. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huufunga, unyevu ukakosa pa kutokea, ncha za boriti zikaoza na mchwa wakaingia.

Kabla ya kugusa chochote tulisimamisha nguzo chini ya dari, maana mawe ya juu ni mazito. Kisha binamu zangu wakabandua saruji yote. Boriti 4 zilikuwa zimekwisha. Tulizitoa moja moja, kamwe si mbili kwa pamoja, tukaingiza mpya zilizokauka na kupakwa dawa ya mchwa. Mashimo tukayaziba kwa mawe na chokaa tuliyoizima kwa maji na kuiacha pipani wiki 3. Kuikoroga niliachiwa mimi. Mikono ilichubuka, basi vaeni glavu.

Plasta mpya ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Nguzo zilikaa mwezi mzima, kwani chokaa hukomaa polepole, na bibi alinung'unika kila siku kwamba zinamziba njia ya kitandani.