Siku Bibi alipokutana na lipiko

Kitindamimba wangu alirudi juzi na kazi ya shule: achore kazi moja ya sanaa inayolitambulisha taifa, aandike na maelezo mafupi. Kitabuni wamewekewa mifano. Mona Lisa kwa Ufaransa, ingawa Leonardo aliyeichora alikuwa Mwitaliano. Lile wimbi kubwa la Hokusai kwa Japani. Halafu uso wa Malkia Idia wa Benin, uliochongwa kwa pembe ya ndovu, ambao Nigeria iliufanya nembo ya FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, mwaka 1977 huku wenyewe uko London, baada ya Waingereza kuuchukua mwaka 1897. "Ya Tanzania ipi, mama?" Baba yake akajibu kutoka sebuleni: "Chora kinyago cha ujamaa."

Jibu zuri, na mtoto akaanza kuchora. Mimi kichwa changu kilikwishaondoka, kikaenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, siku niliyokwenda na Bibi.

Bibi alikuwa amekuja Dar kutoka Newala kutolewa mtoto wa jicho. Bandeji ikatoka, jicho likaona, na mama yule akawa hakai ndani. "Nionyesheni vitu," alikuwa akituambia kila asubuhi, kama vile jicho ni la kuazima na mwenyewe yuko njiani kulifuata. Mjomba akampeleka Kariakoo, akamvusha kwa pantoni hadi Kigamboni na kurudi. Ilipofika zamu yangu nikamwambia, Bibi, twende makumbusho.

Nilikuwa na sababu yangu. Ilikuwa mwaka 2011. Mwezi Mei wa mwaka uliotangulia tulikuwa tumesikia habari ya kinyago cha Kimakonde kilichorudishwa nchini. Kiliibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, pamoja na vitu vingine, na mwaka uliofuata jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva likakinunua Paris. Mwaka 1990 profesa mmoja wa Kiitaliano, Enrico Castelli, akakitambua kwamba ni mali ya Tanzania. Mazungumzo yakaanza, yakalala, yakaamka tena, hadi makabidhiano yakafanyika Paris mwaka 2010. Miaka 26! Mona Lisa ilipoibwa Louvre mwaka 1911 ilikaa nje miaka miwili tu, na dunia nzima iliisoma habari yake magazetini. Chetu kilikaa nje miaka yote hiyo, na sisi wenyewe tulio wengi hatukujua kwamba kimepotea. Hilo liliniuma wakati ule na linaniuma hadi leo. Basi nikataka mtu wa kwetu, aliyezaliwa huko vinakotoka vitu hivi, akavione.

Vinyago vya mpingo Bibi alivipita haraka. Mnavijua: ujamaa, watu wamebebana kutoka chini hadi juu katika gogo moja, mtindo ambao wengi huuanzia kwa Yakobo Sangwani aliyevuka kutoka Msumbiji miaka ya 1950. Na vile vya mashetani, jicho moja, tumbo lina tundu, vya njia aliyoifungua Samaki Likankoa. Mimi huwa nasimama sana mbele ya kazi hizi. Mpingo ni mti mgumu unaokula tezo na patasi, na mtu kuutoa moyo wake mweusi kwenye ganda lile jeupe, halafu kuzitenganisha familia nzima za watu ndani yake bila kuunga popote, ni kazi ya kuinamiwa kichwa. Bibi akavigusa kwa macho tu. "Hivi ni vya kuuza," akasema. "Wanangu wamesomea hivi." Hakuvidharau. Alikuwa akiviweka mahali pake, kama mtu anavyotenganisha mbegu na chakula.

Tukakata kona.

Kilikuwa peke yake ndani ya sanduku la kioo, kwenye fimbo ya chuma: lipiko, kile kinyago cha kuvalia kichwani kama kofia, cha mti mwepesi. Nywele za mtu halisi zimebandikwa utosini, zimenyolewa kwa mistari. Masikio madogo. Mdomo uko wazi kidogo, mdomo wa juu umetokeza mbele na ndonya yake, kile kipande cha mti kinachopachikwa kwenye tundu la mdomo. Na mashavuni, kwenye paji, pembeni mwa macho, nembo, yaani chale za Kimakonde: mistari ya vipembe inayofuatana, imeinuka kidogo juu ya mti kama ilivyo juu ya ngozi. Ilikuwa mistari ile ile ya usoni kwa Bibi. Nimelala kifuani kwa Bibi utotoni nikiifuata kwa kidole mistari ile, kutoka sikioni hadi puani, na tundu la ndonya aliyoacha kuivaa kabla sijazaliwa nilikuwa nikilichungulia anapocheka.

Bibi alisimama. Akageuka upesi, akakipa kile kioo mgongo, na kanga akaivuta hadi kwenye nyusi.

"Nani amekitoa nje?" akauliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, akiniangalia mimi.

Nikamwambia ni wa makumbusho, wanakitunza.

"Mwili wake uko wapi?"

Sikuwa na jibu la swali hilo. Kwa wasiojua: lipiko hakai bure. Anatoka siku ya ngoma, vijana wanapotolewa jandoni, amefunikwa nguo mwili mzima hata ngozi isionekane, njuga kiunoni, na mchezaji anaona njia kupitia kile kinywa kilicho wazi. Kinachongwa na kufichwa porini, mbali na kina mama. Mwanamke hatakiwi kukiona kikiwa kitupu, wala kujua kwamba ndani yake kuna mtu. Kwake yeye lipiko ni mfu aliyerudi. Anamwimbia, anamsogelea, kisha anakimbia akipiga kelele. Basi pale, chini ya taa ya umeme, alikuwapo mwanamke wa Kimakonde aliyezeeka akiitunza amri hiyo, na nyuma yake uso mtupu usio na mwili, wala ngoma, wala njuga.

Nilimshika mkono tuondoke. Hakutaka. Alibaki vile vile kwa muda, mgongo kwenye kioo, nikawa nasikia pumzi zake. Ndipo miguu ikaanza. Hatua mbili za kinyumenyume kukikaribia kioo, hatua tatu za mbele kukikimbia, fupi fupi, kandambili zikisugua sakafu. Mikono akaipiga taratibu usawa wa tumbo. Wimbo ulikuwa wa Kimakonde, na mimi niliyekulia Temeke nilishika maneno machache tu. Hakuna mahali aliponyanyua sauti. Akirudi nyuma wimbo ulipanda, akikimbia ulikatika, kisha akauokota tena pale pale. Baadaye akageuka uso kwa uso nacho, kanga ikaanguka mabegani, akakitazama kwa lile jicho jipya bila kupepesa, na miguu haikusimama.

Askari wa zamu akaja. Kijana tu, nami nikajiandaa kumwomba amwache. Akasimama kando, akavua kofia. "Shikamoo Bibi." Bibi akamwitikia marahaba kwa kichwa, akamaliza ubeti wake. Kumbe kijana ni wa Masasi. Nikaona bahati hiyo, nikamuuliza: huyo anayekivaa, anahemaje humo ndani? Kijana akatazama sakafu, akacheka kidogo, akasema, dada, hayo waulize wakubwa. Bibi akanifinya.

Tulipotoka nje tukakaa kwenye ukingo wa bustani, nikamnunulia maji. Akayanywa yote ndipo akasema.

"Usimuulize tena mwanamume habari hiyo."

"Lakini Bibi, si unajua ni mtu?"

"Tangu lini tusijue?" Akafuta mdomo. "Kaka yangu alikuwa akitupa kisigino cha kushoto kwa nje. Akichota maji anatupa kisigino, akienda shamba anatupa kisigino. Lipiko akaja uwanjani, anatupa kisigino. Nilipiga kelele kuliko wasichana wote. Nilikimbia hadi kwenye mihogo."

"Kwa nini ulikimbia, kama ulimjua?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaitikia salamu. "Ningemwachaje peke yake?"

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi na bado halijanikalia vizuri. Wakati mwingine nalisikia kama upendo: wanaume wamejitaabisha kuficha, na wanawake wamejitaabisha kutojua, na ngoma haiendi mpaka pande zote mbili zifanye kazi yake. Wakati mwingine naona tu wasichana wanaotakiwa kujifanya hawana macho, nami nina binti, na sitaki alelewe hivyo. Hata kuandika haya sina hakika kama nina idhini nayo. Sikuuliza kama kile tulichokiona ndicho kile kilichotoka Geneva. Ila tangu siku ile nikisikia kwamba kazi fulani inalitambulisha taifa fulani, huwaza kwanza: iliwekwa wazi kwa nani, na nani alitakiwa asiione? Kwani watu walipodai kirudi, na ni haki kabisa kilirudi, kilirudi mahali ambapo kila mtu anakiona kikiwa kitupu, mchana kutwa, Bibi akiwamo. Porini kisingerudi, wezi wangekifuata huko. Hilo nalo ni kweli.

Jioni mjomba alitukuta mezani. Aliyafahamu makumbusho yale, na yeye ni Mmakonde aliyechezwa jandoni. Akaosha mikono, akamgeukia Bibi.

"Haya mama, mmeona nini leo?"

Bibi akamega ugali. "Tumeona magari ya Nyerere. Na lile fuvu la zamani sana."

"Na vinyago?"

"Vipo. Vya mpingo." Akanisogezea bakuli la kisamvu. "Mwulize na mwanao kama nadanganya."

Mjomba akanitazama. Nikasema ndiyo mjomba, vipo vya mpingo, vizuri sana.