Gangilonga yangu imekuwa kiazi

Siku tatu za kwanza nilijificha ndani ya sweta. Julai Iringa ina baridi na ule upepo wake wa kukata masikio, kwa hiyo mtu akishinda na sweta tangu alfajiri mpaka anapolala, hakuna wa kumuuliza kitu. Siku ya nne nikajisahau. Nilikuwa uani nyumbani Kihesa naosha vyombo, nikakunja mikono, na mdogo wangu aliyekuwa anasubiri sufuria akainama, akautazama mkono wangu wa kushoto kwa muda, kisha akauliza kwa upole kabisa, kama anayeulizia hali ya mgonjwa:

"Dada, hicho ni kiazi?"

Hicho si kiazi. Hicho ni Gangilonga. Hicho ni euro 850, zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu, na saa sita za kuchomwa sindano ya tatuu huku nimeuma meno. Lakini tangu aseme vile, na mimi nimeshindwa kuona kitu kingine. Ni kiazi mviringo, tena kile cha Njombe, kikubwa, chenye macho, kimelazwa chini ya mti.

Kwa asiyeijua Iringa: Gangilonga ni jabali lililo juu ya kilima, linautazama mji, na kutoka katikati ya mji unafika kwa miguu bila hata kuhema sana. Kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea. Wazee wanasimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akienda pale kutafakari, na kwamba pale ndipo alipopata habari kuwa Wajerumani wanakuja. Sisi watoto wa Kihesa tulipanda kwa sababu ndogo zaidi. Jumapili baada ya ibada tulinunua karanga, tukakaa juu, tukashindana kutafuta bati la nyumba yetu kule chini. Aliyeliona wa kwanza alikula karanga za mwenzake. Jua likianza kuzama mabati yote yanawaka kwa pamoja na hapo mashindano yanavunjika, kila mtu anadai ameshinda.

Hicho ndicho nilichotaka mkononi.

Huu ni mwaka wangu wa sita Bremen, Ujerumani, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila mzee mgeni huniuliza nimetoka wapi. Nikisema Tanzania, jibu ni moja kati ya matatu: Serengeti, Kilimanjaro au Zanzibar. Ni watu wema, wengine wananitolea na albamu za picha. Tatizo ni kwamba Serengeti sijawahi kukanyaga, na Kilimanjaro nimeuona kupitia dirisha la ndege. Mimi nimetoka kwenye mahindi, ulanzi, baridi na mawe. Nikasema basi nitajichora cha kwetu, ili mtu akiuliza, niwe na pa kuanzia.

Mchoraji nilimpata Instagram. Jina simtaji, na duka lake silitaji. Nilipitia picha zake karibu zote kwa wiki mbili, nikiwa kwenye tramu, nikiwa zamu ya usiku, na ukweli lazima usemwe, yule bwana ana mkono. Milima yake ya theluji utadhani unahisi ubaridi. Kitu ambacho sikukiona, na kilikuwa mbele ya macho yangu, ni kwamba kila mkono na kila mgongo kwenye zile picha ulikuwa mweupe. Na karibu zote zilipigwa dakika ileile kazi ilipoisha, ngozi bado inang'aa mafuta. Hakukuwa na hata picha moja ya mwaka mmoja baadaye.

Siku hizi nimekuwa mtaalamu wa lazima, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Sindano ya tatuu inapeleka wino kwenye tabaka la pili la ngozi, kama milimita moja hivi hadi mbili kwenda chini. Weusi wetu sisi uko tabaka la juu. Maana yake wino wa mtu mweusi unatazamwa kupitia rangi yake mwenyewe, kama vile unavyomtazama abiria kupitia kioo cheusi cha gari. Kile kijivu chepesi ambacho kwa Mzungu kinatoa vivuli vizuri vya mlima, kwetu kinamezwa. Mchoraji anayeijua ngozi yetu anachora kwa ukubwa, anatumia mistari iliyokolea, na anaacha sehemu za ngozi tupu zifanye kazi ya mwanga. Asiyeijua anaona kijivu chake hakionekani, anarudia. Bado hakionekani, anarudia tena. Ngozi inachoka, na ngozi zetu zikichoka huweza kujibu kwa kovu la kuvimba. Kiazi changu kimevimba. Ukipapasa gizani utakipata.

Siku ya miadi nilikuwa nimeshatanguliza euro 150, na nilikuwa nimemtumia picha kumi na moja za jiwe, nyingine alinipigia mdogo wangu huyuhuyu. Nikaonyeshwa mchoro. Jiwe limelainishwa limekuwa duara, halina ufa, halina zile pembe zake, halina mji chini yake. Pembeni umesimama mgunga, ule mti wa kichwa bapa, wa kwenye makopo ya kahawa na mabango ya mawakala wa safari. Nikauliza mti umetoka wapi. Akasema bila mti watu hawatajua ni Afrika.

Migunga ipo, sikatai, ukishuka kule upande wa hifadhi ya Ruaha utaichoka. Lakini mimi nilikwenda pale kuikimbia ile Afrika ya kwenye kalenda za watalii, na sasa kalenda ilikuwa inaniandama mpaka kwenye kiti cha kuchorwa.

Halafu akaniuliza jiwe lina hadithi gani. Nikamweleza habari za Mkwawa, kwamba mwaka 1891 pale Lugalo alikisambaratisha kikosi cha Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafa palepale, na kwamba mwaka 1898 alijiua ili asikamatwe, wakamkata kichwa. Macho ya bwana yule yakawaka. Akachukua kalamu, akaanza kuchora fuvu chini ya jiwe. Eti litapendeza sana.

Nilimtazama. Tulikuwa Bremen. Wahehe walilidai lile fuvu miaka na miaka, likaandikwa hadi kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe, na bado halikurudi mpaka Juni 1954, pale Gavana Mwingereza, Twining, alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa kule Kalenga. Na hilo fuvu Twining alilikuta wapi? Kwenye jumba la makumbusho mjini Bremen. Mwendo wa tramu chache kutoka kwenye kile kiti nilichokalia. Sasa mimi nilirudishe tena Bremen, mkononi, kwa kulipia?

Nikasema fuvu hapana. Ndiyo hapana pekee niliyoitoa siku ile. Kuhusu mti, kuhusu jiwe kukosa ufa, nilisema ni nzuri. Nilisema hata asante.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nchi nzima inasema Wahehe tuna hasira za karibu, na utani huo nimeusikia tangu shuleni. Lakini mtoto wa kike aliyelelewa na mama yangu akimkuta mtu mzima yupo kazini anaanza na kamwene, salamu yetu, anauliza za nyumbani, na kama kazi haikumpendeza atakwenda kuisemea jikoni. Fundi cherehani wa pale Mashine Tatu, mjini Iringa, ameniharibia magauni mawili enzi hizo nikiwa sekondari, yote mawili nikayavaa. Sasa gauni unaligawa. Hili nalipeleka wapi?

Wajerumani wenyewe, wenzangu wa kazini, walinishangaa. Wao mchoro usipompendeza mtu anasema hapo hapo, mchoraji anafuta, anachora upya, na wanaagana bila kinyongo. Yule bwana huenda alikuwa anasubiri niseme. Nimelifikiria hilo na ninalikubali kwa sehemu. Kwa sehemu tu. Mtu anayelipwa kuchora kitu ambacho hajawahi kukiona, katika nchi asiyoijua, kwenye ngozi ambayo hajaizoea, maswali ni yake kuyauliza. Mimi nilileta picha kumi na moja. Yeye aliuliza hadithi, na hadithi yenyewe aliitaka kwa ajili ya fuvu.

Wiki ya tatu magamba yalipokwisha kutoka nikaona kilichobaki. Mti umekolea vizuri kabisa. Jiwe limefifia kwenye vivuli na kutuna kwenye kingo. Nikamwandikia. Akajibu kwamba wino wa siku hizi si kama ule wa zamani, Umoja wa Ulaya ulibana kanuni za kemikali kwenye wino wa tatuu. Nikafuatilia, na kweli kanuni ipo, imeanza Januari 2022. Lakini hiyo kanuni haikumwambia apande mgunga. Kisha akanikaribisha niende akarudie bure. Kurudia, tena juu ya kovu.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa huku kaskazini, Mkenya mmoja anayesomea sheria akanieleza kwamba hapa kazi ya tatuu inahesabiwa kama mkataba wa kazi yoyote ya fundi, na fundi kwa kawaida ana haki ya kwanza ya kurekebisha alipoharibu. Ila mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Hamm ilimkubalia mwanamke aliyekataa kurudi kwa mchoraji wake. Wino ulikuwa umepelekwa chini mno na mistari ikatawanyika, na mahakama ikaona si haki kumlazimisha mtu ampe mwili wake kwa mara ya pili fundi ambaye hamwamini tena. Nilifurahi kusikia hivyo. Sikushtaki, maana wakili naye ni pesa, na picha ya mchoro niliousifu kwa mdomo wangu anayo yeye. Nikamwandikia barua pepe ndefu, yenye adabu, nikadai nusu. Akanirudishia euro 200 na neno "samahani" lenye kikaragosi cha moyo.

Tuirudie Kihesa. Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akanishika mkono, akapitisha kidole gumba juu ya kiazi.

"Kumevimba," akasema. "Walikupa shilingi ngapi?"

Hakuuliza nimelipa ngapi. Kichwani mwake haingii kwamba mtu anachomwa sindano saa sita halafu ndiye anayetoa pesa. Nilipomwambia mimi ndiye niliyelipa, nikapunguza, nikasema laki mbili. Akaanza kuzihesabu kwa mifuko ya mbolea, nikamwomba asihesabu. Baadaye nilimsikia akimwambia shangazi kwenye simu kwamba mtoto amerudi salama, amenenepa, ana alama kidogo mkononi, ya kazini.

Mdogo wangu ndiye aliyesema twende. Tulitelemka mpaka Mlandege kwa mzee mmoja mchora mabango, yule wa saluni, maduka ya dawa na migahawa. Alikuwa anamalizia kuku juu ya mlango wa kibanda cha chipsi. Hakuucheka mkono wangu. Alivaa miwani, akautazama karibu, akauliza ni kiazi cha nani, mdogo wangu akageuka ukutani mabega yakimtikisika. Nikamweleza. Mzee akatikisa kichwa, akavuta karatasi, akachukua peni ya bluu na kuniuliza:

"Upande wa mjini au wa nyuma?"

Karibu nilie pale kwenye harufu ya rangi na mafuta ya chipsi. Swali hilo moja sikuulizwa kwa euro 850.

Upande wa mjini, nikasema. Kwa dakika kama kumi na tano akawa amemaliza. Ufa upo mahali pake, mabega ya jiwe yapo, na chini kuna mji, vistari tu vya mabati, lakini unajua kabisa ni mabati. Mistari minene ya mtu aliyezoea kuchora kitu kionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Akataka shilingi elfu tano. Nikampa kumi, akanirudishia tano, nikashindwa kumlazimisha.

Karatasi ile imevuka mlima Kitonga ndani ya daftari, ikapanda ndege Dar es Salaam, na sasa iko juu ya meza yangu Bremen. Habari za kufuta kwa mionzi ya leza nimeziulizia. Ile mionzi inautafuta weusi wa wino, na kwa ngozi zetu inaweza kuuchukua na weusi wetu wenyewe ikaacha madoa. Ipo mashine iliyo salama zaidi kwetu, lakini ni vikao vingi na gharama yake inazidi ya tatuu. Kwa hiyo nafunika. Nimempata dada mmoja Hamburg, baba yake Mghana, na ukurasa wake umejaa mikono kama yangu, mingine ya miaka mitatu iliyopita. Alinishika mkono kwa dakika kadhaa kabla ya kusema lolote. Kovu halitaondoka, akasema, ila jiwe lina haki ya kuwa na matuta. Mti utazama ndani ya kivuli cha jabali. Itabidi mchoro ukue mpaka karibu na kiwiko, na nisubiri ngozi ipumzike hadi Oktoba.

Kisha akaichukua ile karatasi ya mzee, akaisifu mistari, akaonyesha chini kwenye kona. Yule mzee, kama anavyofanya kwenye kila bango analochora mjini, ameandika namba yake ya simu. Akaniuliza kama na zile tarakimu ni sehemu ya mchoro, azichore.

Nikasema hapana. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakageuka kunitazama.