Jinsi nilivyopata picha za wanangu zisizotikisika

Hapa Tukuyu, kuanzia Juni mpaka Agosti, watoto hushinda ndani. Nje ni ukungu na manyunyu, na sebule yetu ina dirisha moja. Simu ilipiga picha vizuri shambani mchana, lakini ndani kila picha ya mdogo, mwenye mwaka na nusu, ilitoka na uso uliopakazika kama rangi mbichi.

Nikanunua kamera ya mtumba, Nikon D3400, na lenzi yake ya 18-55mm, ile ya kuvuta picha karibu au kuirudisha mbali. Tatizo likabaki palepale. Iliniuma sana, maana pesa ya viazi ilikuwa imeshatoka. Mpiga picha mmoja wa Mbeya mjini akasoma namba kwenye lenzi, akaniambia, "Mdogo wangu, kamera haina kosa. Lenzi hii ukiivuta mwisho inaishia f/5.6, yaani tundu linabaki dogo. Mwanga hauingii."

Nikatafuta lenzi ya 35mm f/1.8. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa; hili huingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Nikageuza kitufe kwenye S, ambako unachagua kasi ya shata, nikaweka 1/250, yaani inafunguka sehemu ya 250 ya sekunde tu, mtoto akikimbia asipakazike. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nikaiacha ijipange isivuke 3200. Lenzi hii haivuti, lazima usogee mwenyewe. Kwa watoto naona ndiyo afadhali, unakaa nao mkekani.

Juzi bibi yao alikuwa akimenya ndizi dirishani, mdogo akanyakua ganda akakimbia. Kwenye picha naona hadi utomvu kwenye vidole vyake. Wakikaa wawili pamoja nahamia M, ambako tundu na shata napanga mwenyewe, naacha 1/250 na kupunguza tundu hadi f/2.8, la sivyo mmoja anatoka na ukungu.