Nilivyowaandika mahakimu kwenye maombi yangu ya kazi

Ofisi moja ya mawakili hapa Lubumbashi, Kongo, ilitafuta msaidizi wa kisheria. Walitaka barua, CV na majina ya watu watatu wanaonifahamu kikazi. Watatu wangu nilikutana nao kwenye staji, yaani mafunzo kazini: mama aliyeongoza Tribunal de paix (mahakama ya ngazi ya chini), hakimu wa Tribunal de grande instance (ngazi inayofuata), na kijana wa parke, ofisi ya waendesha mashtaka.

Mahakimu huhamishwa, na cheo hubadilika na kiti. Yule wa pili alikuwa ameshapanda Cour d'appel, mahakama ya rufani, na huko hakimu huitwa conseiller, si juge tena. Nikaweka cheo cha sasa mbele ya jina lake, na chini yake nikaeleza kwamba alinisimamia alipokuwa juge. Wa parke ni magistrat kama wenzake, jina linalojumuisha mahakimu na waendesha mashtaka, ila hatoi hukumu. Kumwita juge ni kumvisha koti la mwingine. Nikaandika: substitut du procureur de la République, yaani naibu wa mwendesha mashtaka wa Jamhuri.

Kwa mama, sikutaka kubahatisha kati ya cheo cha Kifaransa cha kiume na cha kike. Nikaenda kwa karani wa mahakama.

"Papa, samahani. Tumwandikie Madame le Président au Madame la Présidente?"

"Mwanangu, angalia alivyosaini mwenyewe."

Akanifungulia nakala ya hukumu. Mwishoni hutajwa wote walioketi siku hiyo, kila mtu na cheo chake, hadi afisa wa ministère public (upande wa mashtaka) na karani. Juu ya saini ya mama: La Présidente. Basi, nikafuata hivyo.

Majirani zetu wa Tanzania na Kenya humwita hakimu Mheshimiwa. Huku ukiandika Honorable, msomaji anatafuta mbunge. Excellence ni ya waziri au gavana.

Mwenye ofisi ni wakili, kwa hiyo Maître ingetosha, lakini aliwahi kuongoza baro, chama cha mawakili, na heshima ya Bâtonnier hubaki hata muhula ukiisha. Nilianza na "Monsieur le Bâtonnier" na kulirudia vilevile kwenye salamu za mwisho, pale ambapo wengi hubandika "Monsieur" tupu waliyoinakili kwenye barua nyingine. Kabla ya kupeleka, niliwapigia wote watatu kuomba ruhusa.

Kwenye mahojiano Bâtonnier hakuuliza lolote juu ya vyeo. Alimpigia simu conseiller mbele yangu, akamsalimu kwa cheo hicho, wakaanza kuzungumzia dosie za viwanja nilizokuwa nazipanga. Wiki iliyofuata nikaitwa kusaini mkataba.